Nilisema Vinaweza

Mama yangu,

Kabla hata ya salamu, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye kitubio. Vile vidonge vya bakteria nilivyokuletea likizo, karatasi yake sikukusomea sawasawa. Neema mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, usikimbize hapa. Rudia.

Sasa kamwene, mama. Kamwene, baba. Viazi mmeshapalilia huko Kilolo? Huku Uyole baridi inauma mpaka vidole vinagoma kushika kalamu, lakini shule naenda na chakula nakula. Wewe ndiye sijui u mzima kiasi gani. Kila ukipiga simu, mama mdogo huku anaweka spika, nawe unasema, "Sijambo, naona vizuri tu." Juzi Neema akadakia, "Muongo huyo! Jana kamimina chai nje ya kikombe!" Mkacheka wote. Mimi nilitoka nje.

Unakumbuka ile siku pale sebuleni? Mama mdogo alikuwa amenipa kile kichupa nikuletee. Vidonge hivyo anaviuza kwenye meza yake sokoni na anaviamini kweli, hata yeye anavimeza. Ukanikabidhi karatasi ya Kiingereza iliyokuja na kichupa mbele ya akina mama wa jumuiya. "Soma, mwanangu, utueleze." Nikaona imeandikwa kwamba hao bakteria wazuri wa tumboni "may" kulinda retina, ule utando wa nyuma ya jicho ambao daktari alikwambia sukari imeuharibu. Nikasema vinaweza kulinda macho.

"Vinaweza?"

"Vinaweza, mama."

Baba akaangua kicheko. "Wadudu wa tumboni wafike jichoni? Wanapanda kwa ngazi?"

Ukamgeukia. "Wewe Kiingereza unakijua? Mtoto kasoma, kasema vinaweza!" Wamama wakapiga vigelegele.

Mama, mimi nilimaanisha huenda. Wewe ulisikia kwamba vina uwezo. Nililiona usoni pako palepale, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa sijawahi kupigiwa vigelegele na mtu.

Halafu Neema akaniambia hukurudi hospitali kuchomwa ile miale ya leza ya kuokoa jicho. Eti ulisema, "Za nini mashine, na vidonge ninavyo." Nikasubiri wenzangu watoke darasani, nikamwuliza mwalimu wa baiolojia. Akasema wataalamu kweli wanachunguza kama bakteria wa tumboni wanahusiana na magonjwa ya retina, ila bado wanatafuta, na hakuna wa kuacha matibabu kwa ajili hiyo. "May hapo ni huenda, Edina. Huenda si dawa."

Nilishindwa kukwambia kwenye simu, mama mdogo akiwa anasikiliza, nami nalala kwake na kula kwake. Nilisema vinaweza, kumbe mimi mwenyewe ndiye sikuweza.

Nenda wiki hii, mama. Usisubiri nifunge shule. Baba akushike mkono pale kwenye mteremko, usikatae kwa aibu. Kichupa kibebe, daktari akione. Dawa za sukari usiziache hata siku moja. Maziwa mgando kunywa kama unavyopenda, hayajakukosea kitu. Jicho la kushoto limeshakwenda, na hili la kulia ndilo nataka lije kunitambua kwa mbali nikishuka kwenye basi, kama zamani, kabla sijaita.

Na Neema aisome barua hii jumuiya pia, maana yule mama jirani alisema atamtafutia mumewe vidonge hivyohivyo. Wakinicheka, wanicheke.

Nisalimie bibi mzaa baba, na mama yangu wa ubatizo. Baba mwambie alikuwa sahihi kuhusu ile ngazi.

Ni mimi mwanao ninayekuomba uende,
Edina

Mama, nasikia kandambili za mama mdogo koridoni. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila nikizisikia naisukuma chini ya godoro. Leo nimeiacha hapa mezani, maandishi juu. Amesimama mlangoni. "We Edina, unaandika nini muda wote huo?"

Nimemwambia, "Namwandikia mama habari za vidonge. Ingia usome, mama mdogo."