Nyonga ya Mama

Mapinga, 3 Agosti 2024

Kaka Haidar, shikamoo. Hujambo huko Dodoma, na masomo ya mifupa yanakwendaje? Sisi tupo, ila mama si mzima. Jana bodaboda alimgonga akivuka barabara, nyonga imevunjika. Mganga wa kituo cha afya anataka tumpeleke hospitali kubwa leo hii. Mjomba Majaliwa amekataa: tuna daktari wa mifupa wa kwetu, ya nini kuhangaika na wageni? Nimekutumia picha ya eksirei, nimeipiga kwa simu dirishani penye mwanga. Utakalosema ndilo tutakalofuata.

Mdogo wako, Maulida

Dodoma, 3 Agosti

Mdogo wangu, marahaba. Poleni sana, na msihangaike. Nyonga ni pete, na sisi tunaigawa mivunjiko yake kwa namna pete ilivyoachia. Aina ya kwanza, pete bado imeshika. Ya pili, imefunguka mbele tu. Ya tatu imeachia mbele na nyuma, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Ya mama ni ya kwanza. Apewe dawa za maumivu, apumzike, baada ya wiki aanze kutembea. Mwambie mjomba amefanya vyema.

Kaka yako

Mapinga, 15 Agosti

Kaka, shikamoo. Afya zetu usiulize. Siku ya nane tulimwinua, mimi huku, shangazi kule. Akapiga kelele, tukamwambia Haidar kasema. Tukamtembeza siku tatu. Sasa mguu wa kushoto umekuwa mfupi, na mkojo unamtoka mwenyewe hana habari. Hospitali kubwa wamepiga picha nyingine: pete imeachia na nyuma. Daktari akauliza nani aliyeamuru atembezwe. Nikaificha simu mkobani. Hivi ile picha uliitazama kwa muda gani?

Maulida

Dodoma, 15 Agosti

Maulida, dakika moja. Picha ya mbele peke yake haionyeshi nyuma vizuri, nami nilijua. Nilipaswa kukwambia mmsikilize mganga wa kituo. Nilifurahi kuulizwa mimi, huo ndio ukweli. Jumamosi nakuja kumwomba mama radhi.

Kaka yako

Mapinga, 16 Agosti

Kaka, salamu zako utazipata ukifika. Wamesema tumechelewa, mama hatatembea tena bila magongo, na kuswali ni kwa kuketi. Kwa nini, hajui. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila anayekuja kumjulia hali anaonyeshwa ujumbe wako wa kwanza kwenye simu yangu, na mama anasema bila mwanangu daktari ningekwisha kufa.

Basi njoo. Keti kitandani pake, akusifu mbele ya watu. Radhi utaomba, ukiweza.

Mdogo wako