Kitabu Nilichompelekea Baba Mkwe

Mama Priska mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijamkosa Yuditha. Mimi ni mpagazi wa mlimani, nakaa Marangu, na jioni nasoma Kiingereza ili nipande cheo niwe mwongoza watalii, na anayetufundisha pale ukumbi wa kanisa ni Mzee Ndelilio, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye baba yake Yuditha, na posa ilikuwa tayari, mama alishavundika ndizi za kupikia mbege, pombe ya kupeleka ukweni, ndipo juzi mwalimu akaandika ubaoni "nobody" na "nothing", akasema maneno haya yenyewe yameshakana, ukiyatumia usikane tena, kwa hiyo "I don't know nothing" ni kosa, sema "I know nothing" au "I don't know anything". Mimi nikasimama, sijui nani alinituma, nikasema mzee hayo ni ya zamani, kuna mgeni nilimbebea mzigo kutwa nzima anasema "I don't need nothing", na kwao ni Marekani, sasa kati yako na yeye nani mwenye lugha? Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akafuta ubao taratibu, akachukua kofia yake akaondoka, na kesho yake tukaletewa salamu kwamba mbege tunywe wenyewe.

Nikaenda kumuuliza dada wa mapokezi hotelini, akaniambia wapo wazungu wanaoongea hivyo wakiwa wenyewe kwa wenyewe, lakini kwenye mtihani unaanguka, mwalimu yuko sahihi. Niliona aibu, Mama. Nikashuka Moshi mjini nikanunua kitabu kipya cha sarufi, nikapigia mstari wa wino mwekundu pale penye habari za "nobody" ili ajue nimeliona kosa langu, nikakifunga kwa karatasi ya zawadi, Yuditha akampelekea. Mzee kufungua, kuona ule wekundu, akasema, "Sasa ananisahihishia nyumbani kwangu." Yuditha analia, mama haniongeleshi, na ndizi zinazidi kuiva. Nampenda huyu binti kuliko ninavyoweza kuandika. Nifanyeje?

Praygod, Marangu

Marahaba, Praygod. Nimekuhurumia, ila kwanza nilicheka. Kosa la Kiingereza si kitu, wengi wanajikwaa hapo hapo, maana sisi tukisema "sikumwona mtu" tunaongeza "hata mmoja" ili kutia nguvu, basi tukifika kwenye Kiingereza tunarundika hapana juu ya hapana. Hilo mwalimu angekusamehe kabla kipindi hakijaisha. Kilichomkaa kooni ni kuchekwa na darasa zima, na aliyewachekesha ni mkwe mtarajiwa.

Halafu kitabu, jamani! Wewe ni Mchagga wa wapi? Tangu lini meku, mzee mzima wa Marangu, akaombwa radhi kwa karatasi ya kung'aa? Na wino mwekundu huo kautumia yeye kwenye madaftari ya watoto wa watu tangu hujazaliwa, anajua unasema nini. Wakati huo masale, majani yetu ya kuombea radhi, yamejaa kwenye mpaka wa kihamba chenu, shamba lenu la migomba, unayapita kila siku ukienda mlimani.

Sasa sikiliza. Kata jani moja bichi la isale, ulifunge fundo. Usiende peke yako, mchukue baba yako mdogo au mzee mwingine ambaye meku anamheshimu. Mfike asubuhi, kabla hajaenda kukatia ng'ombe majani. Amkia, toa jani kwa mikono miwili, sema umemkosea mbele za watu. Usieleze habari za mgeni wako wa Marekani. Mzee aliyelelewa kwetu hakatai isale, na akishalipokea, mama yako aendelee na mbege yake.

Lakini usidhani umemaliza. Jioni rudi darasani, umwombe radhi mbele ya wale wale waliocheka, maana hapo ndipo ulipomvunjia heshima. Nawajua walimu, atakuuliza kwa Kiingereza kama una la kuongeza. Jibu "Nothing, sir," kisha ukae chini.