Nusu Hatua ya Gharika

Kutoka kwa Fundi Redio,
Nyumba ya mlango wa bluu, nyuma ya soko.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichonikoholea kwenye simu kimeshahama. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu wanakua, au wanarefuka miguu tu? Sisi huku tunapumua. Baba anakula vizuri, mguu ndio bado. Mimi ni mzima, isipokuwa kitambi, ambacho ni kizima kuliko mimi.

Baada ya salamu, nina heshima kubwa na taadhima kukutangazia jambo zito: Baraza la Ngumi la Dukani Kwangu, lenye wajumbe watatu na viti viwili, lilikaa Jumamosi nne mfululizo kujadili jinsi bingwa Gharika alivyompiga Mnara, na likaahirishwa bila kuafikiana. Mwenyekiti wa baraza ni mimi. Nilijichagua.

Najua utasema mtu mzima na mvi zake hana kazi. Kazi ninayo, Dada. Redio saba zimelala mezani matumbo nje. Lakini ubishi katika ukoo wetu haukuanza na mimi, na wewe uliyekuwa ukibishana hata na kengele ya shule usinifungue mdomo.

Nikukumbushe kidogo. Gharika, bingwa wa uzito wa juu tuliyemwimba utotoni, alipangiwa Mnara, lile jitu lililomzidi kichwa kizima, mikono kama ngazi za mafundi umeme. Watu walikwenda ukumbini kama waendao msibani. Raundi ya tisa, aliyelala chali ni Mnara. Swali la baraza: alimshindaje?

Kilo, yule muuza nyama wa mlango wa pili, alishikilia kuwa ni uzito. "Fundi, ng'ombe mzito hasukumwi, anakusukuma! Mimi nashika nyama kila siku, wewe unashika nyaya. Utajua nini?" Mimi nilisema ni mkono wa kushoto, uliotoka chini kama mtu anayeokota kitu, na kumbe anaokota kidevu cha mwenzake. Tukabishana mpaka wateja wakawa wanaacha redio zao mlangoni na kuondoka kwa adabu.

Baba alikuwa akitutazama kama mwalimu anayetazama wanafunzi wawili waliofeli pamoja. Jumamosi ya nne akafungua mdomo. Unajua miaka ishirini na sita alikaa chini ya ulingo akitunza muda, saa mkono mmoja, nyundo ya kengele mkono mwingine.

"Ninyi mlikaa juu kwenye viti," akasema, "mkaona mikono. Mimi macho yangu yalikuwa usawa wa viatu. Gharika alishinda kwa nusu hatua. Mnara akirusha, kisigino kinarudi nusu hatua, hakizidi. Ngumi inafika alipokuwa, haimfikii alipo. Raundi nane yule bwana amepiga hewa. Na hewa inachosha kuliko mtu."

Kilo aliguna. Mimi pia niliguna, ingawa moyoni nilijua mzee ameshatumaliza.

Sasa, Dada, mzaha wangu unaishia hapa, maana nimekaa kuandika kwa sababu nyingine. Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua, ukuta mmoja una masikio sita.

Ni habari ya wifi yako. Tangu nilipokuambia Baba ameteleza bafuni akavunjika nyonga, hujamsalimia. Uliniuliza, "Nani aliacha maji sakafuni?" Mimi nikanyamaza, na wewe ukahesabu kunyamaza kwangu kuwa ndilo jibu. Juzi alipopokea simu yeye, ulisema, "Nipe kaka yangu," basi. Alinipa simu, akaenda jikoni. Nilimsikia akiosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Hujaona anavyoishi wiki hizi tatu. Anapangusa bafu mara tatu kwa siku, amepiga magoti na kitambaa kikavu, halafu anapitisha kiganja aone kama pana unyevu. Jirani akija kuogesha mtoto kwetu anamfuata nyuma na kitambaa. Baba akikohoa tu, yeye ameshafika mlangoni. Juzi aliniuliza, "Hivi siku ile niliacha sabuni chini?" Nikamwambia asijisumbue. Asijisumbue! Kana kwamba nampa zawadi.

Kilo naye haingii tena ndani. Kila baada ya siku mbili analeta mifupa ya supu, anaitundika kwenye kitasa na kutoweka kama paka aliyevunja sahani. Wifi yako anamsifu kwa wema wake. Mimi nainywa ile supu huku naangalia bakuli.

Ukweli ni huu, na nakuomba uusome umekaa.

Baba hakuanguka bafuni. Alianguka dukani kwangu, Jumamosi hiyohiyo ya nne, saa nne asubuhi, jua linawaka na mimi nina akili zangu timamu. Mke wangu alikuwa sokoni.

Baba alipomaliza kusema habari za nusu hatua, mimi nikamwambia, "Hayo ni maneno, Mzee. Tuonyeshe." Akasema, "Na goti hili?" Nikamjibu, "Au nusu hatua yenyewe siku hizi imekuwa robo?" Kilo akaangua kicheko. Nilijua nafanya nini, Dada. Baba wewe na mimi tunamjua. Ukimgusa hapo hakai kitini.

Akavua miwani, akampa Kilo ashike. Akasimama katikati ya duka. Nikarusha mkono wa kushoto polepole. Akarudi nusu hatua, na ngumi yangu ikaishia hewani, inchi mbili kutoka kwenye kifua chake. Ungemwona uso! Sijamwona hivyo tangu Mama alipotutoka. Hapo ningesema, "Nimekubali, Mzee," nikampa kiti. Ndilo lililokuwa limebaki, kukubali.

Sikukubali. Nilirusha ya pili, na hiyo haikuwa polepole, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa mbele ya Kilo na iliniuma. Baba akarudi tena, sawasawa kabisa, na nyuma yake ulikuwepo waya wa pasi yangu ya kulehemu, nilioutandaza sakafuni asubuhi kwa uvivu. Kisigino kikanasa. Akaanguka kwa ubavu.

Lililofuata sijamwambia mtu. Unakumbuka kwetu mtoto akianguka Baba hakumwinua, alimhesabia, na aliyesimama kabla ya nne alisifiwa siku nzima. Basi mimi, mtu mzima, nikaanza kuhesabu. Moja. Kilo akagonga meza kama kengele. Mbili. Tatu. Nilikuwa nacheka. Nilidhani anatuigiza. Nilifika saba, Dada. Kwenye saba akasema kwa sauti ndogo sana, "Mwanangu, acha kuhesabu."

Hospitali walipouliza imekuwaje, Baba akawahi kujibu kuwa ameteleza bafuni. Aliona haya, mzee wa miaka sabini na tisa kusema alikuwa ulingoni. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Uongo ule ulikuwa wake wa kujistiri. Mimi ndiye niliyeuchukua nikamvika mke wangu. Na yeye, kwa kuwa alikuwa amedeki bafu asubuhi ile, akauamini kuliko sisi.

Nisalimie Shemeji na wapwa zangu, na yule shangazi mwenye maneno mengi mwambie redio yake imepona. Baba anakusalimu, jana alisimama na fremu yake ya kutembelea akahesabu pumzi kumi na mbili kabla ya kukaa. Mungu akulinde huko uliko na akupe moyo mpana kuliko wangu.

Bahasha sijaifunga. Wifi yako yuko chumba cha pili anakunja nguo za Baba, na nikishaweka kalamu chini nampelekea barua hii aisome yeye kwanza. Ikikufikia, ujue ni yeye aliyeifunga.

Ndugu yako akupendaye, hata utakapomkasirikia,

Fundi.