Ubeti Ulioliwa na Mashine

Jumatatu, 3 Machi
Meneja wa sinema kaja mwenyewe hapa mlangoni. Filamu yangu inarudi! Ile ya nyimbo za bendi ya roki, wale watano wa magitaa. Hadithi nzima ya mshona nguo na mumewe, na kila wanachoambiana ni wimbo wa bendi. Jumamosi, saa tisa mchana. Watu ruhusa kuimba. Kaniachia tiketi mbili, eti heshima kwa mwendesha mashine wa zamani. Wa zamani! Miaka thelathini na moja. Bila mimi mji huu usingeijua hiyo bendi.
Tiketi mbili. Mimi mmoja.

Jumanne, 4 Machi
Fundi viatu, jirani yangu, kanicheka. Eti Mzee Mashine, filamu gani hiyo, mtu kaachwa na mke badala ya kulia anachukua gitaa? Nikamwambia gongea soli zako. Nyimbo kumi na nne, kila moja ilitungwa kivyake, mtu kaziunga mpaka zimekuwa maisha ya mtu mmoja. Kazi ya kuunga naijua. Mkanda ukikatika unasafisha ncha, unatia gundi, unabana. Nilikuwa namaliza watu hawajachoka kupiga miluzi.
Mara moja tu niliharibu. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Siku ya mwisho ya filamu hii, wimbo wa jikoni, mashine ilitafuna ubeti wa pili wote. Nikaunga wa kwanza na wa tatu. Mke wangu na binti yetu mdogo walikuwa mlemle chumba cha mashine, wamekalia debe la mikanda. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo nyumbani tuliuimba hivyohivyo, tunaruka. Yeye anakoroga chungu, mtoto anadakia. Hata redioni ukipigwa mzima, sisi tunaruka.

Jumatano, 5 Machi
Cherehani ya marehemu mke wangu ipo pembeni, imefunikwa shuka. Binti aliiomba siku tuliyomzika mama yake. Nikamwambia mbele za watu: umekuja kuzika au kuhamisha vitu? Akachukua mkoba wake, akaondoka. Miaka sita. Na anakaa vituo vinne tu vya basi kutoka hapa.
Simpigii. Mimi ndiye baba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempa fundi viatu tiketi moja ampelekee binti. Kauliza, na barua? Hakuna barua. Hata samahani, Mzee? Nikasema tiketi ina namba ya kiti, yatosha. Akasema kichwa chako kigumu kuliko soli ya buti.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi karudi. Binti kaipokea, kaitazama mbele na nyuma. Kauliza, baba kasema nini? Fundi akamjibu, hajasema kitu. Binti akafunga mlango.
Nimepiga pasi shati. Kola imeungua kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika mapumzikoni, daftari gotini. Kiti cha pembeni kitupu. Nimekiwekea kofia. Mama mmoja kauliza, babu, hapa pana mtu? Nikasema pana.
Picha safi, haina hata mkwaruzo. Huko juu mashine inajiendesha yenyewe, hakuna mtu. Haya.
Ukaja wimbo wa jikoni. Ukumbi mzima unaimba. Ubeti wa kwanza nimo. Wa pili — kumbe upo! Mimi nikaruka zangu kwenye wa tatu, tena kwa sauti. Watu wakageuka. Aibu! Nikataka kunyamaza.
Nyuma yangu, safu mbili tatu hivi, mwanamke naye karuka. Wa tatu, pamoja na mimi, neno kwa neno. Tukaumaliza wawili, ukumbi bado uko katikati.
Taa zinawaka dakika kumi sasa. Watu wametoka kunyoosha miguu. Huko nyuma sijasikia kiti kukunjika, yule mwanamke hajainuka. Sijageuka. Shingo hii!
Kengele imelia, wanarudi. Bado sijageuka. Ila kofia nimeiondoa kitini.