Raga Imeingia Ukweni

Lusu, Nzega
12 Juni 1955

Mdogo wangu Modest,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wazima, ila ndege wametumalizia mtama. Na wewe u mzima? Lazima u mzima, maana nguvu za kukimbizana na Wazungu unazo!

Ndiyo, nimesikia. Jirani yetu Anton alirudi kutoka huko akatangaza kilabuni kuwa kila Jumamosi Modest anagombania mpira na Wazungu. Nikamwita mwongo, akaapa. Sasa niambie mwenyewe: hizo Jumamosi ndizo zinazokuzuia kuja ukweni? Mzee Kasimiri amekubali kukupa binti yake Flavia kwa sababu mimi, niliyeolewa na kaka wa huyo Flavia, nilikusemea. Nilisema mdogo wangu ana adabu. Ng'ombe umeshatoa, imebaki kuja kupanga siku ya ndoa, nawe huonekani! Kila nikimpelekea mzee maji ya kunawa ananiuliza, "Ndugu yako yupo kweli?" Nimjibu nini? Unaniaibisha katika nyumba ninayoishi.

Njoo.

Dada yako,
Imakulata


Tabora
26 Juni 1955

Dada Imakulata,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa bega limevimba na ukucha mmoja umeng'oka. Wasalimie wote.

Anton hakudanganya. Mchezo unaitwa raga. Mpira wake una umbo la yai, unaubeba unakimbia nao, na kila mtu ana ruhusa ya kukuangusha. Mwaka huu ndipo wameanza ligi ya Tanganyika nzima, mji kwa mji. Hapa Tabora Wazungu hawatoshi kumi na watano, basi Bwana Pelham, mwenye kiwanda chetu cha mbao, akachagua wawili kati yetu tunaobeba magogo. Hakuuliza kama tunataka. Alisema asiyetaka mpira hataki kazi.

Dada, nina hasira sina pa kuiweka. Tukisafiri wao daraja la kwanza, sisi la tatu na mizigo yao. Nikifunga wananibeba mabegani wakiimba, tukifika mlango wa kilabu yao wananishusha, naenda kunawa kwenye bomba la nje. Ila Bwana Pelham ameahidi kuwa ligi ikiisha nitakuwa msimamizi wa msumeno, na juu ya hayo atanipa nyumba ya matofali. Nataka Flavia aingie humo.

Mlete mzee tarehe 3 Septemba, tunacheza na Mwanza hapahapa Tabora. Akiniona ninavyokimbia atafurahi.

Mdogo wako,
Modest


Lusu
5 Septemba 1955

Modest,

Sikuulizi hali. Hali yako yote nimeiona, na wakwe zako wameiona pia.

Uliniambia mpira. Hukuniambia kuwa mnainama kundi zima na kuingiza vichwa katikati ya mapaja ya wenzenu mchana kweupe! Mzee akaniuliza, "Wanatafuta nini humo?"

Na mimi mjinga nikamleta na mama yake Flavia. Mwanamke ambaye ukimwona njiani unapaswa kuingia porini msikutane! Viti vilikuwa vya Wazungu, sisi tukasimamishwa kwenye kamba pembeni ya mstari. Ukaja mbio na hilo yai lako, Mzungu kakukamata kaptula, kaptula ikabaki mkononi mwake, na wewe ukaja kumwangukia mama mkwe wako kifuani. Uchi, Modest! Ukamlaza chini! Na hata hukuomba radhi. Uliokota mpira ukarudi uwanjani, na Bwana Pelham wako anacheka mpaka anashika mbavu.

Mama amejifungia tangu tulipofika. Hali chakula, hasemi. Flavia anampelekea uji anarudi nao. Mimi wanawake kisimani wananipisha kama nina ndui.

Mzee amekuwa muungwana kuliko unavyostahili. Amesema uje mwenyewe na mbuzi, usimame nje ya ua, mbuzi achinjwe, mama atoke akupokee, yaishe. Ni Jumamosi tarehe 17. Wazee wameshaitwa. Usipokuja, hakuna ndoa. Umenielewa?

Imakulata


Dar es Salaam
18 Septemba 1955

Dada yangu,

Shikamoo. Ukiona jina la mji hapo juu utaichana barua hii, lakini nakuomba uisome.

Mbuzi nilinunua. Nikaenda kwa Bwana Pelham kuomba ruhusa, nikamweleza kosa nililomfanyia mama mkwe. Akacheka tena. Akasema tarehe 17 ni mechi ya mwisho ya ligi huku Dar, na nikienda Lusu nisirudi kiwandani. Nilikunja ngumi, dada. Wallahi nilitaka kumpasua mdomo. Kisha nikapanda treni.

Jana tumeshavaa jezi, wenyeji wakasema kwenye uwanja wao Mwafrika hachezi. Bwana Pelham hakubisha hata neno moja. Akaniambia, "Shika makoti." Wakaazima Wazungu wawili wenye vitambi wacheze mahali pangu na pa mwenzangu. Mchana kutwa nimesimama na makoti ya watu mkononi, na saa zile mzee ananingoja! Wamefungwa, na mimi nilifurahi mpaka nikaogopa watanisikia.

Mwambie mzee nitakuja tarehe 8 Oktoba, kazi iwepo isiwepo. Mbuzi yupo kwa jirani yangu Mabruki. Mwambie Flavia sikumdharau mama yake.

Mdogo wako,
Modest


Lusu
28 Septemba 1955

Mdogo wangu Modest,

Marahaba. Sisi wazima. Tarehe 8 usije.

Siku ile walikungoja. Mama alitoka ndani kwa mara ya kwanza, amevaa khanga mpya, akakaa barazani kukusubiri mpaka kuku wakaingia bandani. Wazee wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga.

Barua yako ilipofika niliisoma mbele ya wote. Mzee alimtukana huyo Pelham matusi ambayo sikujua kuwa anayajua. Akasema, "Kijana ameonewa. Aje." Hata mama akasema uje. Nikashukuru Mungu, nikajua yamekwisha.

Ndipo Flavia akaweka mchi chini. Akasema, "Ameonewa, sawa. Lakini alikunja ngumi, halafu miguu ikampeleka stesheni. Siku nitakapokuwa na uchungu wa mtoto, huyo bwana akimwita, atakuwa wapi?" Baba yake akamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Akasema, "Ng'ombe wake warudisheni. Mimi siendi."

Nilimfokea, Modest. Nilimwita mwenye kiburi, nikamwambia hajui Mzungu ni nini. Akaniangalia tu, akangoja nimjibu swali lake. Mpaka leo jibu nalitafuta, na ndilo linalonitia hasira kuliko kaptula yako.

Mume wangu atawaleta ng'ombe wiki ijayo. Umpokee vizuri, umpe chakula, na usimuulize habari za Flavia.

Dada yako,
Imakulata