Kadi ya Swichibodi ya Ikonge

Jumatatu, 3 Machi
Nimepeleka sabuni hoteli tatu Kisii mjini. Nikiingia mapokezi naangalia simu kwanza, watu baadaye. Mbili zinatumia simu za mkononi tu. Ya tatu bado ina swichibodi ya zamani ya kuunganishia simu za vyumba, rangi ya maziwa, vitufe vinene, taa nyekundu zinawaka. Nimefurahi kutwa nzima. Mume wangu anasema ni wazimu. Na uwe.

Jumatano, 5 Machi
Ikonge. Habari mbaya. Hoteli ya Bwana Ombati ina swichibodi niipendayo kuliko zote, na anayeiendesha ni Mama Nyaboke. Haoni tangu utotoni. Huunganisha simu za vyumba kwa vidole. Leo nimemkuta ameketi, mikono mapajani. Radi ya Jumapili imeunguza kadi, kile kibao cha saketi cha ndani kinachobeba laini za vyumba. Fundi anasema haiuzwi tena. Ombati hataki kungoja: Jumatano ijayo anaitupa, msichana wa mapokezi atashika simu ya mkononi.
"Mimi watanipa kazi gani, Moraa?"
Nimekasirika mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Machi
Natafuta kadi hoteli kwa hoteli. Masimba: swichibodi yao waliiuza kama vyuma chakavu. Nyamira mjini: ipo, aina nyingine. Miguu inauma. Siachi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi Kisii, ile hoteli ya tatu. Aina ileile! Meneja, Bi. Akinyi, mtu wa upande wa ziwani, aliniruhusu nichungulie ndani ya sanduku la kadi la ukutani. Ghorofa ya juu sasa ni ofisi za kupangisha, simu zake zilikatwa. Kadi yake imekaa bure. Nimeomba. Amekataa. Atamwambia nini mwenye hoteli? Namwelewa. Nitarudi.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato. Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Nimemwomba Mungu kadi, na sioni aibu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda Kisii na Mama Nyaboke. Aliomba kushika swichibodi. Akaipapasa polepole, kama anayemsalimia mtu, kisha akageukia sauti ya Akinyi.
"Binti yangu, sikuja kulia hapa. Nimefanya kazi hii tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Nataka kuendelea. Mpigie mwenye hoteli, niongee naye mwenyewe."
Akinyi alipiga. Mama akaongea, hakubembeleza. Mwenye hoteli alikubali kwa sharti moja: ghorofa ikirudi kuwa vyumba, kadi irudi. Nimebeba kadi mapajani mpaka Ikonge, nimeifunga kwa leso. Niliogopa kila shimo la barabara.

Jumanne, 11 Machi
Fundi ameifunga. Kimya. Akaichomoa, akasafisha meno yake, akairudisha. Kimya tena. Ombati alianza kuondoka. Nikamwambia aketi. Mara ya tatu taa zikawaka, lakini si zote. Laini za vyumba vya nyuma zimekufa moja kwa moja.
Ombati alitazama taa, akamtazama Mama Nyaboke.
"Wageni wa nyuma watatembea mpaka mapokezi," alisema. "Mama, endelea."
Nililia chooni kidogo.

Alhamisi, 13 Machi
Niko nyumbani, Itumbe. Nimepiga Ikonge kuuliza oda ya sabuni. Mama Nyaboke alipokea. Sauti ya kazini, haina haraka.
"Nikuunganishe na nani?"
"Bwana Ombati."
"Subiri kidogo."
Nikasubiri. Mvua imeanza kunyesha juu ya mashamba ya chai.