Ujinga wa Mwezi wa Nane

Kwa dada yangu Arlene,

Kwa heshima na taadhima napenda kukutangazia, wewe pamoja na majirani zako wote wa Arizona, kwamba mdogo wako Vernon Hruska amevishwa koti. Ni koti la bluu, lina nembo ya chuo kifuani, na mgongoni limedariziwa kwa uzi wa manjano: MWALIMU WA MIKONO. Wamelishona kwa kipimo cha wachezaji wao, kwa hiyo mikono ya koti inafika pale vidole vyangu vinapoishia, kisha inaendelea na safari zake. Mwalimu wa mikono asiyeonekana mikono. Nimeona jambo zito kama hili ulisikie kwangu kwanza.

Baada ya tangazo hilo, hujambo dada? Nyonga yako mpya inaendeleaje? Ulisema daktari anataka utembee kila asubuhi kabla jua halijachachamaa. Natumai unatembea, na si kwamba unamwambia tu kuwa unatembea. Mimi sijambo, kwa kiwango cha mtu wa umri wangu. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Paka uliyeniachia yu hai na bado hanipendi. Majani yamekwisha kuanguka, mto umekuwa na rangi ya chai iliyolala, na kuta za ghala la zamani la kiwanda cha chuma wamezibomoa hatimaye, ingawa hakuna anayejua wanajenga nini.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ungenikatia katikati, na habari hizi hazina faida zikisikika nusu. Nakuomba ukae, usome hadi mwisho, ndipo unitukane.

Unakumbuka mwanao Tobin alipopata nafasi chuoni, ulikataa kabisa asicheze mpira wetu huu wa helmeti. Ulikuwa na haki. Wewe ndiye uliyemuuguza Baba. Timu ya mpira ya kiwanda ilimpa Baba nishani ya shaba na kichwa kilichovuja. Mwishoni alikuwa akihifadhi viatu ndani ya oveni na kutuita kwa majina ya mbwa aliowahi kufuga. Mimi nilikuwa Duke. Wewe uliyemlisha kwa kijiko hakukupa hata jina la mbwa. Ndiyo maana ulitoa sharti moja: mwanangu atacheza iwapo Vernon atamfundisha kutumia mikono, na kichwa akae nacho mbali na vita. Nikakubali, tukapeana mkono pale jikoni kwako.

Nilimfundisha. Kazi ya Tobin unaijua, ni ukuta: anasimama mbele ya mrushaji wa mpira, na mchezo ukianza anamzuia mtu mwenye uzito wa jokofu asipite. Wengi huzuia kwa kugonganisha vichwa kama kondoo dume, kisha huitwa mashujaa. Tobin, ambaye kuanguka nilikuwa nimemfundisha tangu utotoni, sasa nilimfundisha judo yote niliyojifunza kule Japani nilipokuwa baharia, na mengine niliyoyaokota kwa kutazama watu wanavyoanguka. Mshike mtu kifundo cha mkono kabla hajakushika. Mpokee, mgeuze, mwache apite upande usiomfaa. Shusha kiuno, inua kidevu. Msimu wa kwanza hakugongwa kichwa hata mara moja, nawe uliniletea keki.

Kocha Rademacher aliliona hilo, akaja nyumbani mwenyewe, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba msumeno. Akasema anataka ukuta wake wote ufundishwe kama Tobin. Ndivyo nilivyojikuta kila Jumatatu na Jumatano nikiwa na majitu chini ya kanisa, katika ule ukumbi ambao upande mmoja una mikeka yangu ya judo na upande wa pili akina mama wanakunja pirogi zao za unga na viazi. Vijana walinipachika jina la Babu Karate. Niliwaeleza kwamba karate sijaicheza hata siku moja. Wakasema, sawa, Babu Karate.

Kuna mmoja anaitwa Lamarcus Tibbs, mkubwa kuliko wote na mdomo wake mkubwa kuliko yeye. Siku ya kwanza aliuliza mbele ya wenzake kama bima yangu ya mazishi iko sawa, maana hataki kumsumbua mchungaji. Nikamwomba anishike kola. Alipojikuta chali akitazama mabomba ya dari, Bibi Zelenka alikuja na unga mikononi, akamuuliza kama amekula leo, maana mtu aliyeshiba haanguki hivyo. Tangu siku hiyo Lamarcus akawa mwanafunzi wangu wa pili kwa ubora. Wa kwanza alikuwa mwanao.

Kuna zoezi nililowapa ambalo lazima nikueleze, kwa kuwa ndilo lililotufikisha hapa. Namfunga mtu taulo machoni. Anagusanisha vigasha na mwenzake, na mwenzake anasukuma au kuvuta apendavyo. Aliyefungwa macho anatakiwa asikie kwa ngozi uzito unaelekea wapi, afike huko kabla yake. Tobin, dada, katika zoezi hilo alikuwa kitu cha kutazama. Akina mama waliacha unga ukauke. Alihama kabla hujaamua kumsukuma, kama mpangaji anayehama kabla mwenye nyumba hajabisha hodi.

Kisha ukaja mchezo wa mwishoni mwa Septemba. Kijana wa timu pinzani aliteleza, goti lake likaja juu, likamgonga Tobin pembeni mwa helmeti. Hakukuwa na kosa la mtu. Mikono yake ilikuwa mahali pake, kidevu juu, kama nilivyomfundisha. Goti halikujua kanuni zetu. Tobin akainuka mwenyewe, akatembea, akajipanga na timu pinzani. Mrushaji wao alimshika mabega akamgeuza, kama unavyomgeuza mlevi kumwelekeza kwake. Uwanja mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipoketi.

Kesho yake walimpima kwa ule mtihani wa kompyuta. Mwezi wa nane, kabla msimu haujaanza, kila mchezaji hukalishwa mbele ya kioo akumbuke maneno na maumbo, na alama zake zikahifadhiwa. Akigongwa, hupimwa tena, zikalinganishwa. Za Tobin zilikuwa sawasawa na za mwezi wa nane. Kocha alinipigia simu kwa furaha, akasema mpwa wangu ana kichwa cha chuma kama mji wake.

Jumatano nikamfunga taulo. Alisimama kama nguzo ya ua baada ya mafuriko. Nilimsukuma kwa vidole viwili, na mikono yake ikafika wakati mimi nilishaondoka. Halafu akaanguka bila kusukumwa na mtu. Alicheka, akasema ni pirogi za Bibi Zelenka, zimemlemea upande mmoja. Wenzake wakacheka. Lamarcus peke yake hakucheka, na kwa mtu kama Lamarcus hiyo ni taarifa.

Nilimfuata Lamarcus nje akiwa anafungua gari. Nikamwambia sielewi: kompyuta inasema mzima, mikono inasema mgonjwa. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mzee. Akasema, “Babu, kwani hujui? Mwezi wa nane sote tunakuwa wajinga.” Nikamuuliza wajinga vipi. Akasema wakubwa huwafundisha wageni siku ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha choo kilipo: kwenye ule mtihani, sahau maneno, kosea maumbo, bonyeza kwa kuchelewa, usizidishe tu wakakushtukia. Ili ukigongwa mwezi wa kumi, uonekane uko vile vile. “Akiba haiozi, Babu,” akasema. “Ujinga wetu tunauweka mapema.” Alitaka nicheke. Nilipokosa kucheka, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba Tobin hulala mchana kutwa, mapazia yamefungwa na taa imezimwa, na kwamba juzi alimwita yeye kwa jina la mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipomsikia Baba akiniita Duke.

Nilimwita Tobin nyumbani, nikampikia, hakula. Alisema, “Mjomba, kompyuta imesema mimi mzima. Wewe una leseni gani?” Nikamwambia nafahamu kuhusu mwezi wa nane. Akanisihi. Akasema bado michezo minne tu, watu wa timu kubwa wanakuja kumtazama, na mpira ndio unaomlipia ada, bila huo chuo chenyewe hana. Akasema nikikwambia wewe utakuja kumchukua na hiyo nyonga yako, mbele ya watu. Nilipokwenda kwa Kocha Rademacher, alinisikiliza kwa adabu zote, akasema, “Vernon, mashine ndiyo daktari. Wewe ni karate.” Nesi wa timu akaniambia hawezi kumzuia mtu kwa sababu ya taulo.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mwanzo wa barua.

Jumatano iliyofuata kocha alileta wageni: wafadhili wa timu, daktari mmoja mstaafu aliyewahi kuichezea, na mwandishi wa gazeti letu. Walikuja kuona yale mazoezi ya chini ya kanisa na kunivisha hilo koti. Wakanipigia makofi. Kocha akaniomba niwaonyeshe kidogo. Nikakunja mikono ya koti, nikamwita Tobin.

Alikuja akitabasamu, dada. Alijifunga taulo mwenyewe. Lamarcus nilikuwa nimemwomba mapema asimame nyuma yake, awe karibu kuliko inavyohitajika. Nikamgusanisha Tobin vigasha na vyangu, nikamwambia aniegemee kidogo, naye akaegemea. Nikasubiri mpaka nisikie uzito wake wote umeniamini. Kisha nikaondoa mikono.

Sikumsukuma. Niliondoa mikono tu. Mtoto niliyemfundisha kuanguka tangu ana miaka tisa, anayepaswa kupiga mkeka kwa kiganja hata akiwa usingizini, aliyumba mbele, akayumba nyuma, akaenda kama ubao na mikono ikiwa imelala mbavuni. Lamarcus alimdaka kichwa kwa viganja viwili kikiwa shubiri moja kutoka sakafuni. Tobin akatapika. Akauliza kwa nini taa imezimwa, na taulo bado liko machoni. Kisha akamwita Lamarcus “Mama”.

Tukasikia sufuria ya akina mama ikichemka. Yule daktari mstaafu alipiga magoti na suruali yake nzuri, akamfunulia macho, akamuuliza ni mwezi gani. Tobin akajibu, kwa uhakika kabisa: wa nane. Hapo hakuna aliyetaja kompyuta.

Basi, Arlene, ule mguu ulioteguka, aliokuambia Tobin kwenye simu, haupo. Miguu yake mizima. Hospitali walipiga picha ya kichwa, wakaona damu kati ya fuvu na ubongo, ya siku nyingi na ya karibuni. Walimlaza wiki nzima wakaitazama, ikatulia, hawakupasua. Wamesema hatacheza tena, wala hatagongwa tena hata kwa mto wa kulalia. Kama atarudi masomoni hawajui. Ndege wamemkataza, hivyo anakuja kwa treni, atafika Ijumaa. Mimi alikataa nisimsindikize. Bibi Zelenka amejitolea. Amefungasha pirogi zilizogandishwa za kutosha kikosi kizima, usimkatalie. Barua hii naituma kwa haraka itangulie mbele yao. Usimuulize habari za mguu. Funga mapazia. Akikuita kwa jina lisilo lako, itika.

Nilimfanyia mwanao mtego mbele ya watu, nikiwa nimevaa koti lao. Ningeweza kuendelea kumsihi, na pengine angekubali, na pengine angekwenda uwanjani Jumamosi. Sikuona namna nyingine, na kutoiona hakunipi usingizi. Siku aliyotoka hospitali aliniambia jambo moja tu, bila kunitazama. Alisema, “Nilidhani umeniita kwa sababu mimi ndiye bora.” Nikamwambia alikuwa bora. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia kitu.

Lamarcus wenzake wanamwita msaliti, anawajibu kwamba walau yeye anakumbuka majina yao. Kocha ameyasimamisha mazoezi ya chini ya kanisa “kwa sasa”. Koti ninalo bado, hakuna aliyelidai.

Nisalimie majirani niliowatangazia, na nyonga yako ipe pole. Ukitaka kunipigia simu unitukane, niko nyumbani kila jioni, paka ni shahidi. Usipopiga pia nitaelewa. Mungu akutilie nguvu Ijumaa utakapomfungulia mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Vernon

Nimesahau: Jumamosi walicheza bila yeye. Walishinda.